Fundi wa Katambuga na Nyayo Zangu

Jambo hili lilianza Jumamosi, tarehe 11 Agosti 1956, saa kumi na robo alasiri, niliposimamishwa peku juu ya majivu ya jikoni, na mzee mmoja akanizunguka mara tatu, kama mtu anayetaka kununua fahali na hataki mwenye fahali ajue. Saa naikumbuka kwa sababu yeye hakupima mguu wa mtu kabla ya saa kumi, na ile robo ya kwanza aliitumia kunilaumu kwa kuwahi. Alisema asubuhi mguu bado una usingizi. Ukiupima saa mbili utakwambia ni mdogo, kisha jioni umevimba, unakutukana njia nzima.

Samuye nzima ilimwita Fundi. Alikata katambuga, vile viatu vya tairi la lori, katika banda lake kando ya barabara, tangu mimi sijaota meno. Ukoo wake na alikozaliwa sitaandika, maana sivijui, na mimi si mtu wa kuuliza. Hata chumvi mezani shuleni siombi. Nangoja ifike yenyewe. Ninayoandika humu ni niliyoyaona na niliyoyasikia kwa miaka yote niliyokwenda bandani kwake nimejibanza nyuma ya Mama.

Kwanza, hakuvaa viatu. Mtu aliyekivisha kijiji kizima alitembea peku, na nyayo zake zilikuwa ngumu kiasi kwamba tulipokuwa wadogo tulizigonga kwa kijiti tusikie zinavyolia, naye aliendelea kushona. Akikanyaga mwiba, aliyeumia ni mwiba. Siku moja alisimama akibishana na mtu juu ya bei ya ngozi mpaka mtu yule akamwambia, kwa adabu, kwamba amesimama juu ya kaa la moto. Fundi akatazama chini, akasogea hatua moja, wakaendelea kubishana. Mama alipomuuliza kwa nini hajikatii hata jozi moja, alijibu kuwa mganga hajigangi. Mama akasema ni kweli hajigangi, lakini walau huvaa.

Pili, aliamini kwamba tairi lina kumbukumbu. Tairi lililozoea kubeba mchele wa Kahama hakumpa mwanamke mwenye watoto wadogo. Alisema atatoka kuteka maji na atashtukia yuko Kahama. Tairi la lori linaloharibika kila mara aliwakatia watu asiowapenda. Kuna mzee mmoja asiyejua mlango wa kanisa ulipo, aliyeuziwa jozi iliyotoka kwenye gari la padri wa Ushirombo, na Jumapili ile ile akaonekana amesimama uani pa kanisa. Mwenyewe aliapa kwamba alikuwa anatafuta mbuzi. Fundi aliihesabu kuwa kazi ya soli.

Lakini kazi yake hasa, ile iliyowaleta watu kutoka vijiji vya mbali, ilikuwa kumchagulia mtu kiatu. Hakutaka kusikia namba. Alikuwa akisema, "Usiniambie ukubwa wa mguu wako. Niambie unakwenda wapi, na umebeba nini." Wanawake walipimwa wakiwa na debe la maji kichwani, kwa kuwa mguu chini ya mzigo ni mguu mwingine. Nimemwona kwa macho yangu katekista wetu amesimama juu ya majivu na mbuzi mabegani, kwa sababu alikuwa ametamka mwenyewe kwamba viatu ni vya kwendea mnadani. Mbuzi alitulia kuliko katekista. Baada ya hapo ulisimama kwa mguu mmoja ukaambiwa ucheke. Fundi alisema mguu wa mtu anayecheka hukaa ulivyoumbwa, lakini kusimama kwa mguu mmoja mbele ya watu na kuambiwa ucheke ni jambo gumu, na wengine walitoka pale na viatu vya mtu mwenye huzuni.

Mbele ya kidole kikubwa lazima ubaki upana wa kidole gumba cha mkono. Pale alipaita chumba cha mgeni. Kiatu kisicho na chumba cha mgeni, alisema, ni kaburi lenye kamba.

Kuhusu mambo mengine Fundi alikuwa mwongo, na nasema hivi kwa heshima. Zamani aligawa mabuti katika stoo ya mgodini Geita, na aliwahi kutuambia kuwa huko alimvisha punda mabuti manne akateremka naye shimoni, na punda akaja juu ameandikwa zamu. Hakuna aliyemwamini, wala hakujali. Ila juu ya nyayo hakusema uongo. Kila katambuga ya Samuye ilikuwa na alama za lori lake, na yeye ndiye aliyezikata zote, kwa hiyo barabara yetu ya vumbi alikuwa akiisoma kama mimi ninavyosoma daftari. Ng'ombe akipotea, Mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chetu, alimtuma mtu bandani kabla hata ya kuwahesabu vizuri ng'ombe wenyewe. Mwaka mmoja Fundi alifuata nyayo za mwizi wa ndama zikamfikisha kwa shemeji yake. Akamtaja mbele ya baraza. Mkewe hakusema naye masika yote. Chakula alimwekea, neno hakumpa. Alipoulizwa kwa nini hakunyamaza tu, alisema unyayo ni neno la mguu, na mtu akilipindisha hakuna wa kulinyoosha.

Sasa mimi. Nasoma darasa la tisa katika shule ya bweni ya masista. Kabla ya likizo, Sista wa michezo alitangaza kwamba tukirudi atachagua msichana mmoja wa kukimbia mbio ndefu kwenye mashindano ya shule, na kwamba asiye na viatu vinavyomkaa asijisumbue kujipanga, kwa sababu uwanja umejaa mbigili. Mimi najua kukimbia. Ni kitu kimoja tu ninachokijua bila kukiogopa. Lakini viatu nilivyokuwa navyo ni raba za binamu yangu wa kiume, ambazo nilizijaza pamba ya shambani kwetu, yenye mbegu. Kila hatua ilikuwa kama kukanyaga kokoto, na mbegu moja iliota.

Halafu kuna jambo la kukimbia lenyewe. Kwetu mtu hakimbii hivi hivi. Akikimbia kuna mwano, lile yowe la kuitana, au litapigwa sasa hivi. Na ukimwona mtu anakimbia, adabu ni kuchukua fimbo na kukimbia naye, maswali baadaye. Siku ya kwanza ya likizo nilijaribu kufanya zoezi alasiri. Nilipogeuka kwenye mbuyu uliokatwa, nyuma yangu kulikuwa na wanaume wanne na fimbo, na mwanamke mmoja na mchi. Mmoja akaniuliza huku anahema ni ng'ombe wangapi. Nilinyoosha kidole upande wowote, wakaenda. Walirudi magharibi.

Ndiyo maana Mama, ambaye siri yangu aliijua, alinipeleka kwa Fundi ile Jumamosi.

"Unakwenda wapi?" Fundi aliniuliza, mimi nikiwa juu ya majivu.

Nikasema siendi popote, nitakimbia tu, kisha nitarudi pale pale.

"Nani anakufukuza?"

"Hakuna mtu, babu."

Akakaa kwenye kigoda chake. Alisema amewakatia watu viatu vya kuchunga, vya harusi, vya msiba, na vya kwenda kuomba mke na kukataliwa. Vya kukimbilia hajawahi, maana wateja wake wote ni waungwana. Mama akataka kuondoka. Fundi akamwambia angoje. Akaniambia nikimbie pale pale nilipo, juu ya majivu. Nikakimbia bila kwenda popote, majivu yakapanda, tukakohoa wote watatu, naye akiwa amelala kifudifudi akitazama visigino vyangu.

Jozi ya kwanza ilikuwa ya tairi la lori. Nilikimbia kama bata anayekwenda kushitaki. Jozi ya pili ilikuwa ya ngozi ya ng'ombe ambayo haikukauka sawasawa, na mbwa wa Samuye wote wakaipenda. Nakiri kwamba sijawahi kukimbia kwa kasi kama siku ile, na Fundi alipoona aliuliza kwa nini tusiwachukue mbwa kwenye mashindano. Jozi ya tatu aliifikiria siku mbili. Alichukua turubai nzito, akaishona kwa shazia kufuata mguu wangu, na chini akabandika vipande vya tairi la baiskeli, viwili viwili, sambamba. Nilipoivaa sikuisikia. Nilidhani nimesahau kuvaa. Nilipotazama mbele ya kidole, chumba cha mgeni kilikuwepo.

Nikaanza kukimbia alfajiri, kabla watu hawajafungua mazizi, na viatu nikivificha kwenye kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Siku tatu nilikuwa na furaha ambayo sikuiandika popote, nikiogopa hata daftari.

Siku ya nne watu waliamka wakazikuta nyayo.

Zilikuwa katikati ya barabara, mistari miwili myembamba kama nyoka wadogo waliooana, na hakuna mtu wa Samuye mwenye kiatu cha namna ile. Zilikuwa zimeachana sana, za ncha ya mguu tu. Zimepita kando ya zizi la Mwanangwa zikienda, na zimepita tena zikirudi. Nilipofika na kikapu changu kichwani, viatu ndani yake chini ya michembe, nusu ya kijiji ilikuwa imezunguka, na Mwanangwa alikuwa amekwisha kumwita Fundi.

Fundi akachuchumaa. Alizitazama muda mrefu. Alikuwa amezishona mwenyewe. Zile soli alizikata mbele yangu. Nilingoja aseme jina langu, na kichwani nilikuwa nimekwisha kuacha shule, nimehamia Bukoba, na nimezeeka huko.

Akasema, "Mwanamume. Mrefu, wa kuinama mlangoni. Anatoka upande wa Geita. Mguu wa kushoto unageukia nje. Mikononi ana kitu chepesi, kila mkono kimoja. Anakwenda mahali anapoogopa."

Watu wakaguna kwa heshima. Mwanangwa akaweka vijana wa kulinda barabara ya Geita. Fundi akapita karibu nami akirudi bandani, na kitu pekee alichosema ni, "Michembe hiyo ni mizito leo, ng'wanone," yaani mwanangu.

Ubaya wa kumzoesha mtu ukweli ni kwamba akija kusema uongo hana akiba. Fundi alitaka mwizi wa haraka, na kwa haraka ile miguu iliyomjia kichwani ni ya mtu wa kweli. Ijumaa jioni vijana walimleta barazani mwanamume mrefu, aliyeinama kuingia, mguu wa kushoto umegeukia nje, na kila mkono ameshika kuku. Alikuwa ametoka Geita. Alikuwa mkwewe Fundi, aliyemwoa binti yake huko huko mgodini, na hii ndiyo ilikuwa safari yake ya kwanza kuja kusalimu ukweni. Fundi alikuwa amemwona mara moja tu, siku ya mahari, na alichokitazama siku ile ni miguu.

Yule kijana alieleza kwamba anakwenda kwa wakwe. Watu wakasema kila mwizi ana wakwe. Mkewe Fundi, aliyekuja kumwona mwizi kama watu wengine, akamtambua mkwewe, na kwa kuwa mkwe hatazamwi usoni, akajifunika khanga kichwa kizima, akageuka upesi na kugonga nguzo ya baraza. Akabaki ameikumbatia nguzo ile, akisema kutoka ndani ya khanga kwamba huyo ni mtu mzuri. Hakuna aliyejua kama anamsifu mkwe au nguzo.

Mwanangwa akamgeukia Fundi. Akamuuliza: yule aliyemsoma barabarani ndiye huyu, au siye?

Hapo nikaona kitu ambacho sikukiona tangu nimjue. Fundi alitazama miguu yake mwenyewe. Akisema ndiye, mkwe wake atalala amefungwa, na binti yake Geita atasikia. Akisema siye, basi amelidanganya baraza juu ya nyayo, na shemeji yake wa yule ndama alikuwa pale pale mstari wa mbele, anangoja. Alijua mimi nimekaa wapi. Hakunitazama hata kidogo.

Nikasema, "Ni mimi."

Hakuna aliyesikia. Mama mmoja jirani yangu akaniuliza nimesema nini. Nikarudia. Akatangaza kwa sauti kwamba Kabula anasema ni yeye. Mtu wa nyuma akauliza yeye nani. Akajibiwa Kabula. Akauliza Kabula ndiye nani, na mtu akamweleza kuwa ni yule mtoto wa Mama Kabula asiyesema, na wa nyuma akauliza sasa kama hasemi amesemaje. Ikabidi nisimame. Nikakimwaga kikapu. Michembe ikatawanyika, kuku wa yule mkwe wakaikimbilia, na katikati yake vikakaa viatu vyangu.

Mwanangwa akavishika kwa vidole viwili. "Ulikuwa unamkimbia nani?"

"Hakuna."

"Basi ulikuwa unamkimbiza nani?"

"Hakuna, Mwanangwa."

"Ulichelewa wapi?"

"Sikuchelewa."

"Mtu hafukuzwi, hafukuzi, hakuchelewa. Anakimbia kwa nini?"

Nilijibu, "Napenda."

Walio karibu nami wakasogea kidogo, kama nimetaja ugonjwa. Kisha Mwanangwa akaamuru nivivae nikimbie mbele ya watu wote, ili nyayo zilinganishwe. Nikakimbia kutoka baraza mpaka kwenye kisima na kurudi. Wanaume kadhaa walichukua fimbo kwa mazoea, wakarudishwa. Nyayo zikalingana. Kijana mrefu akaachiwa, na kuku wake mmoja akaonekana, wa pili hata leo hajulikani alipo.

Mwanangwa hakuwa amemaliza. Akamuuliza Fundi ilikuwaje kwamba msichana huyu, ambaye mrefu si yeye, alisomeka kuwa mwanamume wa Geita.

Fundi akainuka. "Nilisema atakuja mtu mrefu kutoka Geita, ana kitu kila mkono. Si huyo hapo? Sikudanganya, Mwanangwa. Niliwahi tu."

Watu walicheka mpaka mtu mmoja akalala chini. Hata mkwe alicheka. Mwanangwa alicheka pia, lakini alipomaliza alisema, taratibu, kwamba ng'ombe akipotea tena wataazima mbwa. Shemeji yule alicheka kwa sauti kuliko wote. Fundi akaenda zake peku, na mimi nilikuwa mtu pekee, nadhani, aliyezitazama nyayo zake zinavyokwenda.

Siku ya mwisho ya likizo nilikwenda bandani peke yangu, bila Mama. Ilikuwa saa kumi kamili. Nilijua siwezi kulaumiwa. Nilitaka kumwomba radhi, na njiani nilikuwa nimeipanga hotuba nzima. Nilipofika nikasema shikamoo, hotuba ikaisha hapo.

Akaitikia marahaba. Akaniuliza viatu vinasemaje. Nikasema havisemi kitu. Akasema hiyo ndiyo sifa ya kiatu.

Kisha akaendelea kushona, na akazungumza bila kuinua kichwa. Alisema amesoma nyayo za watu wanaokimbia maisha yake yote, na zote zina alama moja: kila baada ya hatua chache ncha ya mguu inapinda kidogo, pale mtu anapogeuka kutazama nyuma. Zangu zilikwenda zikarudi, na hakuna mahali zilipopinda. "Nilikaa pale nikatafuta neno la kuwaambia wale watu," akasema. "Sikulipata. Nikachukua la uongo, lilikuwa karibu."

Hapo nikauliza. Nafikiri ni mara ya kwanza nimemuuliza mtu mzima jambo. Nikamuuliza ni kwa nini hasa havai viatu.

"Nani atanipima?" akasema. "Mtu hawezi kusimama juu ya majivu na huku amelala anatazama visigino vyake."

Nikaenda jikoni kwa mkewe nikachota majivu. Nikayamwaga chini, nikayasawazisha kwa kiganja. Alikataa, kisha akapanda. Nikamzunguka mara tatu. Nilimwambia asimame kwa mguu mmoja na acheke, akasema upuuzi gani huu, na akacheka kwa kusema hivyo, nami nikaupata unyayo wake kamili: mpana kama jembe, na kidole kikubwa kimeelekea pembeni, kama kinasikiliza maneno ya watu. Nikamuuliza anakwenda wapi na amebeba nini. Akasema haendi popote na hana kitu. Nikamwonyesha kwa kijiti pale chumba cha mgeni kinapoishia. Vipande vya tairi la baiskeli vilikuwa vimebaki, na turubai pia. Nilipoondoka alikuwa ameshika kisu, hajaanza kukata, anautazama ule unyayo kwenye majivu kama wa mtu asiyemjua.

Asubuhi yake sikutoka alfajiri. Nilitoka saa moja na nusu, jua limekwisha kutoka, nikapita katikati ya barabara nikiwaamkia watu, mwangaluka, mwangaluka, wao wakiwa wamesimama na mifagio mikononi. Nilipovuka mwisho wa nyumba nilizikuta. Zilikuwa mpya za asubuhi ile, mistari miwili myembamba kama yangu, lakini pana kama jembe. Zilianza kwa kutembea. Kisha zikaachana: hatua moja ya kukimbia, ya pili, ya tatu, ya nne, zote za ncha ya mguu, na hakuna iliyopinda kutazama nyuma. Baada ya ya nne kulikuwa na alama kubwa ya mtu aliyekaa chini, na ya kiganja kimoja alipojiinulia.

Nilitazama huku na huku. Nyuma yangu kijana wa Mwanangwa alikuwa anakuja na ng'ombe. Nikazifuta kwa mguu wangu, moja moja, na ile ya kukaa nikaifuta mara mbili, kisha nikakimbia.